Nafasi ya Tarumbeta

Kaka mpenzi,

Natumai kazi ya ulinzi huko haikuchoshi. Sisi hatujambo. Paka amezaa ndani ya sanduku la tarumbeta lako, na tarumbeta lenyewe tumelitundika ukutani.

Mwaka huu serikali ililipia viti vya tamasha, lakini fungu la wanamuziki likakatwa. Watu walikuja hivyo hivyo, wakakaa wakitazama jukwaa tupu mpaka jua likapoa. Mama akaanza kwa sauti ya chini ule wimbo wa bendi yenu wa kufungia tamasha, na uwanja mzima ukamfuata taratibu, kama watu wanaoota ndoto moja. Tulipofika pale tarumbeta lako linapoingia, wote tulinyamaza, tukakusubiri umalize, ndipo tukaendelea.

Mama haulizi utarudi lini. Ila amemhamishia paka na wanawe kapuni, sanduku lako libaki wazi.

Mdogo wako, kitinda mimba