Nilikuruka Mkekani

Mdogo wangu Somoe,

Majibu ya damu uliyotolewa hospitali yamerudi leo, miezi saba tangu homa ikuchukue. Bado nimeyashika.

Unaikumbuka siku ile, miaka ya tisini mwanzoni? Ulilala mkekani uani, pembeni ya korosho zilizoanikwa, nami nikapita mbio nikakuruka. Mama akapaza sauti, "Umemruka mwenzio, hatokua huyo. Rudi umruke tena." Ukaidi wangu ule. Nikakimbilia mikoroshoni, na niliporudi ulishaamka.

Ukabaki na kimo cha mtoto wa miaka sita. Ulipotolewa unyagoni, kanga ilikuzunguka mara tatu, ukaninong'oneza, "Dada, tazama ulivyonifanya," ukacheka. Ulijua kunibana, wewe. Kila kichwa cha samaki kilikuwa chako: "Si wewe uliyeniruka?" Nami natoa, huku moyo unaniuma kweli.

Sasa sikia. Miaka yote nilidhani damu yako imekosa homoni ya ukuaji. Kumbe ilikuwa tele, kuliko yangu. Daktari anasema homoni hiyo ikifika kwenye seli hubisha hodi, na mlangoni kuna kipokezi cha kupeleka habari ndani, mpaka kwenye jeni. Hapo jeni huamka, mwili ukaanza kurefusha mifupa. Vipokezi vyako vilikuwa vibovu tangu tumboni. Homoni ilibisha maisha yako yote, jeni hazikupata habari. Nilimwomba arudie maneno hayo, akarudia.

"Kwa hiyo si kurukwa?" nikauliza.

Hakuelewa swali. "Kasoro hii mtoto huirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenu ni ndugu?"

Somoe, unajua Mama anavyojisifu kwamba alikataa posa ya mtu wa mbali ili aolewe na binamu yake.

Nilipaswa kufurahi, na sikufurahi. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Mama alikuwa barazani anabangua korosho.

"Wamesemaje?"

Nikatazama vidole vyake vilivyoungua kwa mafuta ya maganda.

"Hawana jipya, Mama. Ni kule kumruka."

"Nilikwambia mimi," akasema, akaendelea kubangua.

Pumzika, mdogo wangu. Kichwa cha samaki bado nakiacha sahanini.

Ni mimi dada yako, niliyekuruka.