Maziwa ya Jioni Yalikuwa Yako

Mama Chebet,

Tangu tukulaze hapo nyuma ya boma sijakuandikia. Mimi na kalamu unajua hatupatani, lakini hii nimeandika na mkono yangu mwenyewe. Kapseret mzima, mzee mwingine wa kufanya hivi hakuna.

Binti yetu aliitwa intavyu Nairobi. Akitekti mkuu wa biashara. Sio wa nyumba! Huyu anachora vile kazi ya kampuni yote inatembea: nani anaanza, nani anapokea, wapi inakwama. Digrii anayo, uzoefu anao. Lakini walitaka pia mtu anajua kubadilisha mpango na watu wakubali. Akapiga simu: "Baba, hapo ndio naogopa."

Nikacheka. "Unaogopa nini na wewe ni damu yangu? Si mimi nilipanga maziwa ya kikundi mpaka watu wa Cheptiret wakakuja kuangalia?"

"Ulipanga aje? Nieleze yote, watanichimba."

Hapo nikavuta kiti, nikakaa.

Unakumbuka. Nikiwa chairman nilisema maziwa ya jioni pia iuzwe na kikundi. Nikachora mpango kwa gunia, safi kabisa. Na mimi najua kwetu ya asubuhi ni ya baba, ya jioni ni ya mama: ya chai, ya kugandisha mursik, ya watoto. Wiki haikuisha, mitungi ya jioni ikarudi mitupu, na ya asubuhi ikaanza kuchelewa. Wamama ndio wanakamua, wangefanya nini ingine? Wewe ukaniwekea chai ya strungi, bila tone ya maziwa.

"Mzee, ng'ombe umepanga vizuri. Anayekamua umemuuliza?"

Nilikataa kuuliza siku tatu, nikikunywa strungi. Ya nne tukaenda boma kwa boma, wewe ukiuliza, mimi nikibeba gunia. Maziwa ya jioni tukaachia wamama, ya asubuhi tukaanza kukusanya mapema. Mpango ukashika. Halafu kwa mkutano nikasimama nikasema hiyo ni akili yangu. Na wewe ukapiga makofi!

Chebet nimemwambia yote, hata ile makofi.

"Kumbe ni Mama," akasema.

"Ni Mama. Enda useme hivyo."

Huko intavyu akawaeleza, wakamuuliza nani alitoa huo mpango. Akajibu, "Mama aliuliza, Baba akachora." Kazi amepata.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza. Nilitaja jina yako kwanza. Halafu yangu, kidogo tu.

Lala vizuri, mama. Strungi sijaonja tena.

Ni mimi mzee wako, aliyebeba gunia.