Picha Iliyokula Pua Yangu

Mpendwa Mama,

Wafula, dereva wa nyumba yetu hapa Jeddah, alisema picha yako haifai kukuzwa. Nilimwambia aangalie barabara.

Unaikumbuka yangu ya kwanza? Nilikuwa mgeni kwenye kazi za ndani, huku mtaa wa Al-Hamra, na kijijini maneno yalishaenea kwamba nimekonda, sijui napigwa. Ukataka picha kubwa ya kutundika sebuleni, mgeni akiingia aone mwanao ni mzima. Nikapanda juu ya paa penye kamba za nguo, nikajipiga nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikamtumia binamu, binamu akamtumia katibu wa kanisa, katibu akamtumia mtu wa studio pale sokoni. Yule bwana akaikuza ikatoshana na meza.

Ukanipigia simu ukilia. "Wambui, huko wamekufanya nini? Pua iko wapi?"

"Iko, Mama. Nimeishika sasa hivi."

"Usinifiche! Uso wote umekuwa vigae!"

Kina mama wa kanisa walikuwa wameshafunga, wanaiombea picha ikiwa imeegemezwa kwenye kochi. Mmoja alisema ni dawa za kujichubua. Mwingine alisema ni jua la Uarabuni.

Wafula ndiye aliyeninusuru. Aliwahi kufagia studio ya picha kule Malaz, Riyadh, na tangu hapo hashikiki. Akanieleza kwamba picha ya simu, hiyo JPEG, ni vidoti vingi vilivyopangwa, na kila ikitumwa kwa ujumbe inapunguzwa ili iwe nyepesi.

"Ni kama sukuma wiki, dada. Unapasha leo, unapasha kesho, mwisho unakula maji. Tuma kama faili, isiguswe."

Nikatuma kama faili. Simu yako ikakataa, imejaa. Nilipokuomba ufute video za kwaya, ukaniuliza kama nimeacha wokovu.

Hatimaye ilifika kwa simu ya binamu, ikakuzwa upya, nawe ukaitundika, pua na yote. Lakini ile ya vigae hukuitoa. "Huyu nimemwombea sana," ulisema. "Siwezi kumtupa."

Tangu utuache, Mama, nakutafuta kwenye simu yangu. Picha ambamo unacheka ni moja tu, ndogo, imepita mikononi mwa ukoo mzima, na ile halisi ilipotea na simu yako. Ikiwa ndogo unacheka vizuri. Nikiivuta nikuone macho, unageuka vigae. Na mimi natamani sana kukuona macho.

Basi nimeikuza hivyo hivyo. Wafula alinuna, akasema, "Halas, basi yaishe, dada, twende," akanipeleka studio. Sasa uko ukutani, juu ya kitanda changu. Jana madam alichungulia, akashtuka.

"Wambui, huyu nani? Mafi uso, uso hakuna!"

"Ni mama yangu, madam. Mimi namwona."

Pumzika, Mama. Mimi ni mzima.

Binti yako, mwenye pua.