Maombi ya kufunga kikao cha viwavi

Chelangat, nimetoka kikao Siongiroi sai.

Kamati ya kushauri juu ya viwavi! Ushauri gani? Dawa imefungiwa stoo, viwavi wanamaliza mahindi ya mama, na wazee wazima wanabishana rangi ya kofia za kamati. KOFIA! Mimi mwakilishi wa wakulima nikiinua mkono, mwenyekiti Kipkirui ananiambia, "Ngoja kwanza, msichana."

Mwisho eti, "Msichana, tufungie na maombi."

Kwenye maombi hakuna wa kukukatiza. Nikafunga macho: "Baba, dawa iko stoo na mahindi inaliwa. Hawa wameshindwa hata na kofia. Wafungue stoo leo, ama uwaaibishe."

"AMINA!" Kipkirui ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, ndio akashtuka ameitikia nini.

Sasa anatafuta funguo za stoo. Haniangalii.