Kosa Nililolisikia Nyuma ya Pazia

Mshauri mpendwa,

Swali ambalo nimehangaika nalo kwa muda mrefu ni hili: je, mtu aliyejaa wivu anaweza bado kusema kweli kuhusu yule anayemwonea wivu, au hata kweli yake huwa imeshaoza kabla haijatoka mdomoni? Nakuandikia unisaidie, kwa kuwa mimi mwenyewe sijiamini tena.

Ninafundisha madrasa, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia. Upande wangu mtoto huja mbele, husoma, namsahihisha, hurudia mpaka ashike, ndivyo nilivyofundishwa. Upande wa pili yuko binti niliyemsomesha mwenyewe tangu alifu, ambaye sasa ni mwalimu mwenzangu, na watoto wamembandika jina la Ustadha Maswali, maana haipiti aya bila kuwauliza inawataka wafanye nini wakifika nyumbani. Watoto wake hukaa wawili wawili, mmoja akisoma, mwenzake akisikiliza na kumsahihisha, na somo la udhu kila mmoja hushika kopo la maji akawaonyesha wengine. Nilipokuwa chuo kikuu niliandika tasnifu nzima nikizisifu mbinu za namna hiyo, kisha nikarudi darasani nikashika njia ya zamani, na sasa inanichoma kumwona mwingine akiyafanya niliyoyaandika mimi.

Juzi, tukifunga madirisha, binti yangu wa kumzaa, anayesoma upande wangu, aliniuliza, "Mama, naweza kuhamia upande ule?"

"Kwangu umekosa nini?"

"Sijakosa kitu. Ila kule ukiuliza huambiwi nyamaza kwanza."

Ustadha Maswali akatokeza kichwa kwenye pazia. "Shikamoo, mwalimu wangu. Mbona leo kimya, au tumewapigia kelele?"

"Marahaba. Nyinyi endeleeni tu kucheza," nikamjibu, naye akacheka akidhani natania.

Lililonileta kwako ni hili. Watoto wake wanahifadhi sura yenye aya mbili zinazofanana miisho. Nilisikia jozi moja ikifika kwenye aya ya kwanza kati ya hizo mbili kisha ikaruka moja kwa moja hadi kwenye kinachofuata ile ya pili, ikiacha zote zilizo katikati, na kwa kuwa wanasahihishana wao kwa wao, kosa likahama jozi hadi jozi, mpaka sasa darasa zima linaruka pamoja, tena kwa sauti nzuri kabisa. Mwalimu wao, akili ikiwa kwenye maelezo yao ya maana, hajagundua. Mimi nililisikia tangu mwanzo, nikanyamaza. Siku ya wazazi inakaribia, watasoma mbele ya watu, na baada ya hapo maalim mkuu anataka maoni yangu kama mbinu ya Ustadha Maswali ienezwe madarasa yote au isimamishwe. Najiambia kwamba usomaji wa Qurani hupokelewa kwa mwalimu, si kwa mtoto mwenzake, na hilo naliamini kwa dhati. Lakini pia najiona ninavyoingoja siku hiyo kwa hamu, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili linalonifunga mdomo.

Mwalimu wa Nyuma ya Pazia

Mwalimu,

Umejieleza vizuri mno, na hapo ndipo ninapokutilia shaka. Nakuonea huruma: kupitwa na mtu uliyemshika mkono mwenyewe kunauma, na anayesema hakuumi hajawahi kufundisha. Lakini kinachokufunga mdomo unakijua. Hofu ya kweli juu ya usomaji ingekuvusha pazia siku ile ile. Wewe unayemsimamisha mtoto kwa herufi moja umeliacha darasa zima lihifadhi Qurani kwa kuruka, ili mwenzako aaibike. Watoto hao wamekukosea nini?

Ndiyo, mwenye wivu anaweza kusema kweli, na hoja yako kuhusu usomaji ina uzito. Ila kweli iliyowekwa akiba mpaka siku itakapomwumiza mtu imeshageuka mtego.

Kwa hiyo, leo, kabla watoto hawajaingia, mwonyeshe mwenzako mahali wanaporuka, kisha msikilizeni pamoja mtoto mmoja mmoja, maana kilichohifadhiwa vibaya hung'oka kwa taabu. Mpendekezee kwamba aya mpya isomwe kwanza kwa mwalimu, na mtoto akipita ndipo aketi na mwenzake kuirudia. Hapo njia yako na yake zitabebana. Maoni ya maalim yaandikeni nyote wawili, au umwombe amtafute mtu mwingine. Binti yako mwache avuke. Na huko utakakobaki, hebu ruhusu swali moja kila somo uone kama paa litaanguka.

Limebaki moja ambalo nimelizungusha bila kulimaliza: je, umwambie pia kwamba ulisikia mapema ukanyamaza? Nikisema umwambie, naogopa utautua mzigo wako kichwani mwake, na akose mtu wa kumwita "mwalimu wangu". Nikisema usimwambie, nakufundisha kunyamaza tena, na kunyamaza ndiko kulikokufikisha hapa. Mimi simjui, wewe unamjua tangu alifu. Jibu sina, na sitajifanya ninalo. Aya zilizorukwa, hata hivyo, zinajulikana. Anza na hizo.