Bundi wa Mchana

Johannesburg, Julai 2017

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi goti lako? Na baba, kile kifua kimetulia? Sisi huku Bertrams tu wazima, ila baridi inatutafuna. Asubuhi majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga.

Unajua tangu duka la Hamisi livunjwe, waporaji wakabeba kila kitu, mkweo alikuwa haongei. Anakula, anaswali, anakaa kitandani na koti lake. Alitaka turudi Tanga. Mimi sikutaka, cherehani yangu ina wateja na mjukuu wako Zuhura anasoma. Hatukugombana, tulinyamaziana tu, na hilo lilinichosha zaidi.

Sasa nina mteja, bibi mmoja wa Kizungu, mjane, anaitwa Doreen, anakaa Observatory. Kila majira ya baridi huenda mashambani kutazama ndege. Kutazama tu, mama, hawindi! Anasema miti ikipukutika, ndege hawana pa kujificha. Nilipompelekea mapazia yake akaniuliza kama mume wangu anaweza kumwendeshea gari, maana macho yake hayaiwezi tena safari ndefu. Hamisi akakubali. Nadhani alichoka kutazama kuta.

Jumapili Zuhura tukamwacha kwa jirani, tukaondoka watatu. Baada ya robot ya mwisho, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, ni nyasi za manjano tu, na kanga wanakimbia kando ya uzio. Tukashuka kwenye kijisitu karibu na kijito, tukatembea polepole. Mara Doreen akanishika mkono, akaonyesha juu ya mti.

Bundi, mama! Mchana kweupe, mkubwa kama paka.

Hamisi akarudi nyuma. "Mwanaidi, twende garini. Huyu hana heri."

Nami nikawa nasoma dua kimoyomoyo. Doreen, asiyejua Kiswahili, akadhani tumefurahi mno, akamvika Hamisi darubini shingoni. Hamisi akaona haya kumkatalia mtu mzima. Akatazama. Kisha nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia.

"Eish, Mwanaidi, njoo umwone! Huyu si mjomba Shabani kabisa, anasinzia kwenye hitima akingoja pilau?"

Nikatazama. Jicho moja limefumba, la pili nusu, kidevu kimezama kifuani. Usimwambie kaka yako, mama, lakini ni yeye mtupu! Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulipomweleza Doreen, naye akacheka, akatumiminia chai ya chupa.

Wakati wa kurudi Hamisi akasema, macho barabarani, "Nitapanga meza karibu na uwanja wa mpira, niuze soksi na kofia. Baridi hii watu watanunua."

"Kofia nitashona mimi," nikamwambia.

"Haya. Tukishindwa, tutarudi nyumbani. Lakini tujaribu kwanza."

Meza ipo sasa, na soksi zinatoka. Jumapili yeye ndiye anayeamka kwanza, anampigia Doreen simu: "Bibi, leo wapi?"

Nisalimie baba, mdogo wangu Asha na wanawe, na shangazi Mwajuma aliyenifundisha kushona. Zuhura anasema shikamoo bibi. Nimemsikia mwenyewe, kwa Kiswahili safi.

Mimi mwanao, ninayelala usingizi mzuri siku hizi,
Mwanaidi