Glavu za Pasta

Jumapili jioni, Kayole. Nimevaa sweta mbili na kujifunga shuka juu yake, na bado meno yanagongana. Septemba hii! Tulishaiaga baridi, makoti tukayakunja, halafu imerudi kama mgeni aliyesahau simu.

Lakini kinachoninyima raha si baridi. Ni kinyaa. Nimechefuka tangu asubuhi, hata chai haipiti.

Leo baba alikuwa abatizwe. Mama ameliombea jambo hili tangu nikiwa mdogo. Baba ni mchonga vinyago, mtu wa kazi yake na utani wake, na miaka yote alikuwa akimsindikiza mama hadi mlango wa kanisa, basi, anarudi. Mwezi wa tano akalazwa na nimonia. Alipotoka, kifua bado kinakoroma, akamwambia mama kwamba yuko tayari. Mama alilia siku hiyo. Anachoogopa ni kimoja tu, baba asije akaondoka duniani kabla hajabatizwa.

Ubatizo ulikuwa ufanyike Julai, ukaahirishwa kwa sababu ya baridi. Baridi iliporudi wiki hii, mama alienda kumwomba pasta awasubirishe wazee kidogo. Pasta akasema mpiga picha ameshaitwa. Kina mama wakajitolea kuchemsha sufuria mbili tatu za maji ya kuchanganyia. Hilo nalo akakataa. Eti imani haipashwi moto.

Sasa hayo maji. Mungu anisamehe.

Ni tangi la plastiki lililokatwa nusu, liko nyuma ya kanisa, lilijazwa maji ya boza, lile lori la kuuza maji, tangu Ijumaa. Na tusidanganyane, mtaa wetu umeacha kuoga wiki hii, ni kunawa uso na kwapa tu. Halafu kwa ile baridi kila mtu alikuwa amejipaka mafuta ya mgando hadi ndani ya masikio. Kwa hiyo kila aliyezamishwa aliacha urithi wake mle. Zamu ya baba ilipofika, maji yalikuwa na utando kama supu iliyolala, na kipande cha nywele za bandia kinaelea juu. Niliangalia pembeni nisitapike.

Wenzangu waliendelea kuimba. Sijui walikuwa wanaangalia wapi.

Baba alisimama kwenye simiti, miguu mitupu, na kanzu nyeupe nyepesi ya kanisa. Midomo ilikuwa imegeuka majivu. Mimi nilikuwa nimemshikia koti lake. Mbele yake pasta alisimama nje ya tangi, si ndani, nje, na koti la mvua juu ya suti, gambuti hadi magotini, na mikononi glavu za mpira, zile nene za kuoshea vyoo. Alikuwa akisukuma vichwa vya watu na hizo glavu. Mzee wa kanisa akamshika baba mkono ili apande kale kangazi ka kuingilia tangini.

Baba hakupanda. Aliyatazama maji, akamtazama pasta mikono, kisha akasema kwa upole kabisa, "Pasta, vua glavu kwanza uyaguse haya maji."

Uimbaji ukakatika. Pasta alicheka kidogo, akasema ngozi yake hupasuka na baridi, daktari alimkataza.

"Na mimi wangu alinikataza," baba akasema.

Hapo baba akageuka, akamtafuta mama kwa macho. Akamwambia kwa Kikamba kwamba mama akisema aingie, yeye ataingia. Nilijua hatanii. Angezama kwenye ule uchafu na kile kifua chake, kwa ajili ya mama tu. Na nilijua mama ameisubiri asubuhi hii kwa muda gani. Watu wote walikuwa wanamwangalia yeye.

Mama alikuja pale nilipokuwa. Nilidhani anakuja kunishika mkono tuombe. Akachukua koti kutoka kwangu, akamvisha baba mwenyewe, akamfunga vifungo hadi shingoni.

"Twende nyumbani, Baba Mwende," akasema. "Mvua ya Novemba ikinyesha, mto wetu kule Makueni utajaa."

Tukaondoka. Pasta akaita anayefuata.

Njiani baba alikuwa akitania, anasema leo ameokoka, ameokoka na yale maji. Mama hakucheka. Tulipofika nikamwambia mimi sitakanyaga kanisa lile tena, mahali pananuka unafiki. Nilitaka akasirike pamoja nami, tumseme yule mtu hadi tuchoke. Akaniambia tu nimwashie jiko.

Kwa nini mtu afikishwe mahali pa kuchagua kati ya mbingu ya mumewe na mapafu yake, na aliyemfikisha pale amevaa glavu? Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na bado hasira haijaisha.

Saa hii baba amelala nyuma ya pazia na anakohoa. Mama anasonga ugali. Kila baba akikohoa mwiko unasimama, mama anasikiliza, halafu anaendelea. Nimempigia mjomba kule Makueni. Anasema mto ni mchanga mtupu, ng'ombe wanakatiza katikati. Mama sijamwambia.

Na kama mvua itachelewa?